Sura ya Tisa: Unywele Juu ya Mawingu

Asubuhi ya Jumamosi ukungu mwepesi ulikuwa bado umelala juu ya vinamasi vya chumvi, na antena ya kituo, pana kama ungo wa jitu, ilionekana kuelea peke yake angani bila miguu. Mpelelezi Cornelius Fahey alizima gari, akakaa kidogo huku mikono yake ikiwa juu ya usukani. Pembeni yake, kwenye kiti, palikuwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha moja ya dunia.

Ilipigwa Alhamisi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na setilaiti ya hali ya hewa iliyokuwa ikipita zaidi ya maili mia nne juu ya pwani ya New Jersey. Watu wa kituo walikuwa wamechora miraba ya wino juu yake, wakapiga muhuri nyuma kabla ya saa sita. Dakika nane baada ya picha hiyo kupigwa, ndege ndogo ya Ottavio Renzulli ilianguka baharini, maili thelathini kutoka ufukweni, upande wa kaskazini. Fahey alikuwa ameweka alama ya penseli nyekundu pale ilipoanguka. Alama hiyo ilikuwa katikati ya bahari nyeusi, safi, isiyo na wingu hata la dawa.

Kazi ya Ottavio ilikuwa kutafuta samaki kutoka juu. Aliruka chini, karibu na maji, akiangalia kundi la samaki linavyotia kivuli majini, kisha akaziita boti kwa redio. Miaka kumi na minane ameifanya kazi hiyo. Watu wakasema, rubani wa namna hiyo hawezi kutumbukia baharini juani bila kutaka mwenyewe. Na sababu ya kutaka walikuwa nayo tayari: mwaka haujaisha tangu amzike Lucia, bintiye wa miaka sita.

Jumatatu saa tatu kikao cha uchunguzi wa kifo kingekaa. Kikiandika kwamba amejiua, kanisa halitamzika kwenye makaburi yake. Padre Gallo alimwambia Fahey hivyo jana, akiangalia viatu vyake mwenyewe wakati wote. Kando ya kaburi la Lucia palikuwa na nafasi, na Ottavio ndiye aliyeichagua. Mwili wake ulikuwa umeopolewa jana asubuhi, ukawekwa kwenye barafu, ukingoja kuambiwa uende wapi.

Fahey akachukua bahasha, akashuka.

Mlangoni alikutana na mwanamume mwembamba aliyenyoa kichwa, amevaa koti jeupe lenye madoa ya dawa za picha, mkononi ameshika kiboksi cha sigara nene.

"Chukua moja, mkuu," alisema kabla ya kuuliza mgeni ni nani. "Chukua mbili, moja ya njiani. Nimepata binti! Ratili saba na nusu. Alhamisi, saa nne unusu kamili."

"Hongera."

"Tangu saa moja nimekaa kwenye benchi la hospitali mpaka kiuno kimekufa ganzi. Nesi anatoka, ananiambia, 'Baba, kafanana na wewe.' Nikamwambia, maskini, mpe pole zangu." Akacheka mpaka kiboksi kikatikisika. "Roscoe Pettiford. Chumba cha giza. Picha zote zinazotoka hapa zimepita mikononi mwangu."

"Basi tutaonana," Fahey alisema, akatia sigara moja mfukoni mwa koti.

*

Dk. Prescott Lathrop, mkuu wa kituo, alikuwa mtu mrefu mwenye upara unaong'aa na meza isiyo na kitu juu yake. Aliitazama bahasha kama mtu anayerudishiwa zawadi.

"Mpelelezi, umeendesha gari maili arobaini siku ya Jumamosi kuja kubishana na picha?"

"Sibishani nayo. Nina swali moja tu la kuiuliza." Fahey aliiweka mezani. Pwani ilikatiza picha kutoka juu hadi chini kama uzi wa kijivu, na kila mwisho wa uzi huo palikuwa na pengo jeusi ambapo ghuba iliingia nchi kavu. Nusu ya juu ya bahari ilikuwa tupu. Nusu ya chini ilifunikwa na weupe laini usio na mikunjo. "Huu weupe wa kusini ni nini?"

"Ukungu wa bahari. Mwezi wa Juni hewa ya joto inalala juu ya maji yaliyo baridi bado. Aliye ndani yake haoni hata mkono wake."

"Kapteni Amos Cranmer alikuwa humo ndani na boti yake saa hiyohiyo. Ameapa kwamba alivua shati kwa jua. Mabega yake yamebabuka, nimeyaona mwenyewe."

"Mvuvi," alisema Lathrop, kama anataja ugonjwa.

"Na boti mbili nyingine kando yake."

"Basi ni wavuvi watatu. Mpelelezi, mtu ana sababu elfu za kusema uongo. Kamera haina hata moja."

"Cranmer pia ndiye aliyemsikia Ottavio kwenye redio mara ya mwisho. Alisema, 'Amos, kote ni maziwa. Juu maziwa, chini maziwa.' Halafu kimya."

"Mwenye ile kampuni ya samaki iliyomwajiri rubani ameniambia habari hiyo. Alikuja jana kuchukua nakala yake. Anaona marehemu alikuwa ameshachanganyikiwa."

Fahey alitoa daftari, akaandika jina la mwenye kampuni, akalipigia mstari chini. Mtu anayewahi kuchukua nakala ya picha kabla ya maziko alistahili mstari.

"Nieleze kitu kingine, daktari. Kule juu hakuna kibao cha njia. Mnajuaje kaskazini ni wapi?"

Lathrop akalainika kidogo. Swali hilo alilipenda. "Setilaiti yetu ina umbo la ngoma pana, inazunguka kama pia, mara kumi hivi kwa dakika. Pembeni ina vijicho vinavyolionja jua kila inapozunguka. Tukijua jua liko wapi, kaskazini tunaipata kwa hesabu."

"Na Alhamisi?"

Mkuu wa kituo alinyoosha kitu ambacho hakikuwepo juu ya meza yake.

"Alhamisi, katika mpito huo, yaani setilaiti ilipopita juu yetu, ishara ya jua ilikuja na mikwaruzo. Tulitumia pwani yenyewe. Bi. Nyberg aliipatanisha na ramani. Hajawahi kukosea."

"Naomba nimwone."

"Yuko chumba cha kuchorea. Usimpigie kelele, atalia. Mimi nilimpigia mara moja, mpaka leo najuta."

*

Karin Nyberg alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na alipenda kuongea na meza kuliko kuongea na watu. Nywele zake nyeupe kama katani zilikuwa zimebanwa nyuma kwa penseli. Fahey alipojitambulisha, aliiambia rula yake kwamba amefurahi kumfahamu.

"Dakika nne tu, tafadhali," akaongeza. "Setilaiti inakuja."

Akamkokota mpelelezi kwa mkono wa koti mpaka chumba cha pili, ambamo mapazia yalikuwa yamefungwa. Nje antena ilianza kugeuka. Mngurumo wake ulipanda kwenye sakafu, ukaingia kwenye soli za viatu. Juu ya meza palikuwa na kioo kidogo cha televisheni, na mbele ya kioo kamera ya filamu iliyokaza macho kama paka kwenye tundu la panya.

Kwanza kulikuwa na giza. Kisha mstari wa nuru ukashuka, na mwingine, na mwingine, na dunia ikaanza kufumwa mbele yao kama kitambaa. Mawingu yalikuja kwa safu, kama kondoo wanaovuka barabara. Ziwa moja kubwa lilipita, jeusi, umbo la jani. Picha ikakaa kidogo, ikafifia, kamera ikalia kidogo, ikaanza kufumwa nyingine. Fahey alikuwa amekuja na maswali sita. Alijikuta amevua kofia.

"Ule mng'aro baharini ni nini?" alinong'ona.

"Jua," Karin alisema. Gizani sauti yake ilikuwa na nguvu zaidi. "Linajitazama majini. Wiki za mwanzo nilikuwa naliandika kama wingu. Na theluji nayo, wakati wa baridi, niliiandika wingu. Kila kitu kizuri kule juu ni cheupe, Mpelelezi. Inabidi ujifunze weupe."

"Na vimisalaba hivi vidogo vyeusi?"

"Vimo ndani ya jicho la kamera ya setilaiti. Viko palepale kwenye kila picha, vinatusaidia kupima."

Mpito ukaisha. Mapazia yakafunguliwa, na mwanga wa kawaida ukaonekana mchovu baada ya ule. Fahey akatoa picha yake kwenye bahasha, akatoa na kioo cha kukuzia ambacho mkewe alimnunulia kwa ajili ya kusomea gazeti.

"Nilikaa na hii jana nzima," alisema. "Msalaba huu wa pembeni una ndoano. Misalaba mingine haina."

Karin aliinama. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Ni unywele. Wa brashi. Kila mpito nakipangusa vumbi kile kioo cha televisheni, na Alhamisi walituletea brashi mpya ya manyoya. Ikanyonyoka mara ya kwanza tu nilipoitumia. Mpito ulipokwisha nikaona uchafu huo, nikafuta kwa kitambaa, brashi nikaitupa kwenye pipa."

"Kwa hiyo unywele huu uko kwenye picha za mpito ule mmoja tu."

"Mmoja tu. Saa nne na dakika kumi na mbili." Tabasamu likazimika. "Ndiyo mpito wa yule rubani. Nasikitika. Nimemwombea."

Fahey aliandika neno moja: brashi.

*

Kahawa ilikuwa mwisho wa korido, na korido hiyo haikupitika kirahisi, kwa sababu ukuta wake wote ulikuwa umebandikwa mawingu. Picha kama arobaini, kubwa kubwa, kila moja na jina lililoandikwa kwa mkono chini yake. Bibi Harusi. Kitanda Hakijatandikwa. Mjomba Amekasirika.

"Kila wiki tunachagua nzuri kuliko zote," Karin alisema, vikombe viwili mkononi. "Ukutani kazi hairuhusiwi. Tunakata kingo zenye namba, hatuandiki tarehe wala mahali. Ni jina tu."

"Na hii inayoning'inia miguu juu?"

"Angani hakuna juu. Anayebandika ndiye anayeamua."

Fahey alitembea polepole, mikono nyuma. Alikuwa mtoto wa fundi saa, na kwa miaka yote kitu cha kwanza alichokiangalia popote kilikuwa ni kipi kinazunguka, na kinazungukia wapi. Mawingu mengi ukutani yalikuwa yamejisokota, mikono mirefu myeupe ikiingia katikati, na yote yalijisokota kinyume cha mishale ya saa. Moja. Mbili. Tisa. Hata lile lililoning'inizwa miguu juu lilizunguka vilevile, kuligeuza hakukulibadilisha. Alipofika mwisho akasimama.

"Huyu mmoja mbona anakwenda na saa?"

Picha hiyo ilikuwa mpya, kingo zake hazijajikunja bado. Chini yake palikuwa pameandikwa: Konokono.

"Atakuwa wa kusini," Karin alisema bila kufikiri, akipuliza kahawa. "Chini ya ikweta yanazunguka upande huo. Setilaiti inafika hadi kule, inajaza picha kwenye utepe wa kurekodia, ikija huku inatuchezea. Tumeshazizoea. Dk. Lathrop anapita hapa mara kumi kwa siku, hawezi hata kushtuka."

"Una hakika ni wa kusini?"

"Anaonekana hivyo kwa..."

Fahey alikuwa ameshatoa kioo chake cha kukuzia. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Kisha akasogea pembeni, akampa Karin kioo.

Kwenye msalaba wa pembeni, chini ya mkono mmoja mweupe wa Konokono, palikuwa na unywele uliojikunja kama ndoano.

Karin aliweka kikombe chake sakafuni, taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Ni wa Alhamisi," alisema. "Mpito uleule. Ni picha inayofuata ile yako."

"Basi kwenye mpito huo walikuwamo wa kusini pia?"

"Hapana." Alikuwa anaongea na ukuta sasa. "Alhamisi saa nne utepe haukuchezwa. Picha zilikuja moja kwa moja, setilaiti ikiwa juu ya vichwa vyetu. Kila kitu kilichomo kiko huku kwetu. Mpelelezi, huku kwetu hakuna wingu linalozunguka hivi. Haliwezi."

"Lakini lipo."

"Lipo kwenye karatasi," Karin alisema.

*

Roscoe Pettiford alikuwa ameshawasha taa nyekundu alipowaona wawili hao mlangoni, akaizima, akawasha ya kawaida.

"Filamu ya Alhamisi, mpito wa saa nne," Fahey alisema. "Nani aliisafisha na kuichapa?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Wewe mwenyewe, kwa mikono yako."

"Mkuu, nimeshakwambia. Zote zinapita kwangu."

Fahey alitoa ile sigara mfukoni, akaizungusha vidoleni, akaiweka juu ya meza kati yao.

"Saa nne unusu mwanao anazaliwa. Tangu saa moja uko kwenye benchi, kiuno kimekufa ganzi. Picha hii ilikuwa na miraba na muhuri kabla ya saa sita. Una mikono mirefu sana, Roscoe."

Pettiford aliitazama sigara. Uso wake, uliokuwa ukicheka tangu asubuhi, ulitulia, ukazeeka.

"Mzee, niandike mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi nina miaka kumi na minne kazini, wataninung'unikia tu wataniacha. Niandike mimi, tumalize."

"Roscoe, acha," Karin alisema.

"Wewe nyamaza, mtoto."

"Niliichapa mimi." Sasa Karin alimtazama Fahey machoni, na mpelelezi akaona jinsi jambo hilo lilivyomgharimu. "Mchoraji haruhusiwi kuingia chumba cha giza. Ni amri ya Dk. Lathrop, ukiingia unafukuzwa. Lakini Roscoe alipigiwa simu na hospitali, na Washington wangetaka ramani kabla ya saa sita. Nilimwambia nenda, nitafanya. Nilishamtazama akifanya mara mia."

"Filamu iko wapi?"

Pettiford alivuta mtoto wa meza, akatoa ukanda ndani ya karatasi laini. Karin aliushika kwa ncha za vidole, akauinua kwenye taa.

"Una pande mbili," alisema. "Mmoja unang'aa, mmoja umefifia. Uliofifia ndio unaolala kwenye karatasi. Gizani unaupapasa kwa kidole tu. Vidole vyangu vilikuwa na maji." Akameza mate. "Namba ziko kwenye ukingo. Ningezisoma ningeona zimegeuka. Lakini picha zilipokauka nilikata kingo za zote mbili pamoja, ya kazi na ya ukutani, kwa mazoea. Sikusoma."

"Zimegeuka mgongo ukawa tumbo," alisema Fahey.

"Ndiyo. Pwani yetu imenyooka, Mpelelezi. Ina ghuba kaskazini, ina ghuba kusini. Ukiigeuza, ghuba ya kusini inakuwa ya kaskazini, na bahari inabaki mashariki vilevile. Niliweka ramani juu yake, ikakaa. Ghuba moja ilinipa shaka, ilikuwa nyembamba kidogo. Nikasema ni wingu limeifunika." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika filamu. "Niliipenda ilivyokaa."

Fahey alifungua daftari, akatafuta jina la mwenye kampuni ya samaki, akalikata kwa mstari mmoja. Hakuna aliyeiba kitu. Hakuna aliyemnunua mtu.

"Cranmer aliyekuwa kusini alivua shati juani," alisema. "Na Ottavio aliyekuwa kaskazini aliona maziwa. Wote wawili walisema kweli. Tuliwabishia kwa picha iliyopinduliwa."

"Nani kapindua nini?"

Lathrop alikuwa amesimama mlangoni. Fahey alimweleza kwa sentensi tano, bila kupamba. Mkuu wa kituo aligeuka mwekundu kuanzia shingoni hadi utosini.

"Saini yangu iko nyuma ya picha hiyo! Nakala iko Washington, nakala iko mahakamani. Unataka niende Jumatatu niseme kituo hiki hakijui kushoto na kulia?"

"Ndiyo," alisema Fahey. "Kuna mtu amelala kwenye barafu, daktari. Anangoja."

Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine. Hatimaye Lathrop alinyoosha mkono, na Karin akampa filamu. Aliiinua kwenye taa, akaigeuza, akasoma namba za ukingoni kwa kunong'ona kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Mawingu madogo ya filamu yaliangusha kivuli juu ya upara wake.

"Nilipita pale koridoni," alisema. "Nikasema, Konokono mzuri. Nikadhani wa kusini." Akashusha mkono. "Roscoe, ichape. Bi. Nyberg, lete karatasi ya miraba, na safari hii kingo zisikatwe."

"Na ile amri, bosi?" Pettiford aliuliza.

"Amri gani?" alisema Lathrop. "Fanya kazi, kuna mtu anangoja."

Chini ya taa nyekundu karatasi nyeupe ililala ndani ya sinia la dawa. Kwa muda haikuwa na kitu. Kisha pwani ikajitokeza, uzi wa kijivu, ghuba nyembamba juu na pana chini. Kusini bahari ikawa nyeusi, safi. Kaskazini haikuwa nyeusi. Kaskazini palibaki vilevile palivyokuwa kabla ya dawa, peupe, laini, bila mkunjo. Ilipokauka, Fahey alipima mwenyewe kwa rula, akaweka alama yake ya penseli nyekundu.

Alama ilikaa katikati kabisa ya weupe. Kila upande wake ulienea maili ishirini.

*

Jikoni kwa Assunta Renzulli sufuria ya nyanya ilikuwa ikichemka kwa moto mdogo, ingawa hapakuwa na wa kula. Suti nyeusi ya mume wake ilikuwa imetundikwa mlangoni tangu jana.

Karin Nyberg ndiye aliyeomba kuja. Njia nzima hakusema neno. Sasa alisimama katikati ya jikoni na mkoba wake kifuani, akaiambia sufuria kila kitu, tangu mwanzo: simu ya hospitali, vidole vyenye maji, kingo alizozikata bila kusoma. Alipomaliza akasema, "Ni mimi niliyemfanya aonekane vile, mama. Siku mbili nzima. Nisamehe."

Assunta alikuwa mwanamke mfupi, macho yake yamevimba. Alivuta kiti kwa mguu.

"Kaa, mwanangu. Umekonda. Kwenu hawapiki?" Kisha akamgeukia Fahey. "Nionyeshe."

Fahey aliweka picha mezani, kati ya mkate na kibakuli cha chumvi. Mjane akaiinamia. Hakujua pwani ni ipi wala bahari ni ipi, na Fahey akamwonyesha kwa kalamu: hapa nyumbani, hapa uwanja wa ndege, hapa boti zilikuwa juani. Kisha alama nyekundu.

Assunta aliweka kidole juu ya alama, akakisogeza kidogo, kushoto, kulia, juu, chini, akitafuta weupe ulikoishia. Alikwenda mbali sana kabla ya kuupata mwisho wake.

"Maziwa," alisema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anamwambia Amos. Alikuwa anafanya kazi yake, anawaambia wasije." Kidole chake kilibaki palepale. "Nilijua. Lakini mtu akikwambia mbingu zimempiga picha, unafanyaje? Usiku wa jana nilianza kumuuliza, Ottavio, kwa nini? Nilimuuliza mtu asiye na kosa."

"Jumatatu Dk. Lathrop atakuja mwenyewe na picha zote mbili," Fahey alisema. "Nami nitakuwepo, na Cranmer na mabega yake."

Mjane aliinuka. Alipunguza moto chini ya sufuria, akafuta mikono kwa aproni, akaishusha suti mlangoni na kuilaza mezani, akaipiga-piga vumbi begani. Kisha akaenda kwenye simu ya ukutani, akazungusha namba aliyoijua kwa moyo.

"Padre Gallo? Ni Assunta. Waambie wachimbaji waje Jumanne asubuhi." Akasikiliza. "Ndiyo, kwa Lucia. Padre, sikiliza vizuri, awe upande wake wa kushoto. Mtoto alikuwa akilala ameshika mkono wa kulia wa baba yake." Alimtazama Karin, ambaye alikuwa na mkate mdomoni na machozi shavuni, na kitu kidogo kama tabasamu kikampitia usoni. "Kushoto kwake, padre. Andika. Msije mkageuza."